Malengelenge, rangi ya matope, matabaka yanayoachana: kutafuta chanzo cha kasoro kwenye udongo wa polima uliotiwa wino

Kasoro nyingi za kazi hii huonekana mwishoni lakini huanza mapema. Hereni inatoka kwenye oveni imejaa malengelenge, na lawama zote zinakwenda kwa oveni. Mara nyingi oveni haina kosa. Malengelenge hayo yaliwekwa jana yake, wino ulipofunikwa ukiwa bado mbichi. Ndiyo maana hapa tutakwenda kinyumenyume: tunaanza na kile unachokiona, kisha tunarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka pale kilipoanzia.

Kwanza tukubaliane kazi yenyewe ni ipi. Udongo wa polima si udongo wa mfinyanzi. Ni plastiki ya PVC iliyochanganywa na kilainishi na rangi. Haukauki kwa hewa, unaiva kwa joto la oveni. (Ule wa gundi na wanga wanaotengeneza watu nyumbani ni kitu kingine, huo hukauka wenyewe, na mengi ya humu hayauhusu.) Unasukuma udongo angavu, yaani ule usio na rangi unaopitisha mwanga, uwe matabaka ya milimita moja hivi. Kila tabaka unalidondoshea wino wa spiriti na kuuacha ukauke. Unayapandanisha, pengine na karatasi nyembamba ya dhahabu katikati, unabonyeza mashimo juu ya bunda, halafu kwa wembe unakata vipande vyembamba kutoka juu. Wembe ukipita kwenye vilima na mabonde, rangi za chini zinachomoza kwa miviringo na mistari. Ufundi huu wa mokume gane ulianza kwa wafua metali wa Japani, na anayetajwa kuwa mwanzilishi wake ni Denbei Shoami wa Akita, aliyeishi kati ya 1651 na 1728. Waliokuja baadaye wakauhamishia kwenye udongo wa polima.

Ombi moja kabla ya yote: usibadilishe aina ya udongo wala kununua wino mwingine kabla hujatengeneza vipande vya majaribio. Kata vipande vidogo vya udongo angavu, kila kimoja kitie wino wa chupa moja, nusu yake ifunike kwa tabaka jingine, oka, andika jina la wino kwa nyuma. Baadhi ya wino hubadilika rangi kwa joto, na hutajua ni upi kwa kuangalia kifuniko cha chupa. Kwa sisi tunaoagiza vifaa Dar es Salaam na kulipia usafiri mpaka Dodoma, kipande hicho kidogo kinaokoa pesa nyingi.

Wino unajikusanya matone matone na hautaki kukauka

Huo si wino wa spiriti. Wino wa printa za kawaida, wino wa mihuri ya ofisini na rangi za chakula kwa kawaida vina maji, na maji hayashikani na plastiki. Hata ukiusubiri ukauke, unyevu utakaobaki utageuka mvuke ndani ya oveni. Futa tabaka hilo, anza upya na wino unaoyeyuka kwa spiriti. Makapeni za kudumu zina wino wa aina hiyo pia, ila jihadhari: baadhi huendelea kusambaa taratibu ndani ya udongo, na mstari uliokuwa mwembamba siku ya kuoka unakuja kuwa na ukungu pembeni baada ya miezi.

Malengelenge baada ya kuoka

Yapo ya aina mbili, na dawa zake ni tofauti. Yaangalie vizuri kwenye mwanga.

Yakiwa machache, makubwa, na yamekaa popote, hata sehemu isiyo na wino, hiyo ni hewa. Ilinaswa ulipolaza tabaka moja juu ya jingine kwa mkupuo, au ulipokunja udongo na kuupitisha kwenye mashine ya tambi (ile ya roli mbili za kusukumia unga, nasi tunasukumia udongo) upande wa wazi ukitangulia. Unapokanda, tanguliza upande wa mkunjo ili hewa itokee nyuma. Unapopandanisha, gusisha ukingo mmoja kwanza, kisha shusha taratibu huku ukisukuma kwa kidole kuelekea ukingo wa pili. Lengelenge la hewa likionekana kabla ya kuoka, litoboe kwa sindano kwa mshazari, kandamiza, limekwisha.

Yakiwa mengi, madogo, na yanafuata rangi, hasa pale matone mawili ya wino yalipokutana yakafanya dimbwi, hiyo ni spiriti iliyofungiwa. Hapa ndipo ukavu wa Dodoma unapotudanganya. Kuanzia Mei mpaka Novemba hewa ni kavu kiasi kwamba uso wa wino unashika upesi. Ukigusa kwa kidole unauona umekauka, kumbe katikati ya dimbwi spiriti bado ipo. Kidole hakitoshi kuwa kipimo.

Pima hivi. Chukua karatasi nyeupe ya chooni, iweke juu ya sehemu yenye wino mwingi zaidi, kandamiza kwa gumba kwa muda mfupi, inua. Karatasi ikitoka na doa, bado. Ikitoka nyeupe, sogeza tabaka puani. Harufu ya spiriti ikisikika, bado. Mwisho inamisha tabaka kuelekea dirishani: wino mbichi una mng'ao wa maji, uliokauka umefifia. Vipimo vyote vitatu vikikubaliana, pandanisha. Tabaka lililolowa wino sana huwa naliacha lilale mpaka asubuhi, na sioni sababu ya kuliharakisha.

Usilianike juani. Jua la hapa litalainisha udongo mpaka ushike karatasi, na upepo utauletea vumbi. Wala usilisogeze karibu na jiko la mkaa au la gesi, kwa kuwa mvuke wa spiriti unashika moto. Chumba chenye hewa, kivulini, chini ya kawa la neti la kufunikia chakula lililowekewa kitambaa chepesi juu, kinatosha kabisa. Na badala ya kumwaga wino mwingi mara moja, paka kidogo, subiri, rudia. Rangi itakuwa ile ile na dimbwi halitakuwepo.

Kuna alama nyingine inayochanganywa na malengelenge: vijiduara vyeupe au vya umbo la mwezi mwandamo vinavyoonekana ndani ya udongo angavu, si juu yake. Ukipapasa, uso ni laini. Hivi huhusishwa na unyevu na hewa iliyoingia wakati wa kukanda. Kausha mikono vizuri, kata vipande vyembamba zaidi, na ingiza kazi kwenye oveni ikiwa bado ya baridi ili joto lipande polepole. Vikibaki vichache, viache. Kwenye michoro inayoiga mawe havisumbui hata kidogo.

Matabaka yanaachana unapokata

Fungua pale palipoachana utazame nyuso zote mbili, zitakwambia zenyewe.

Zikiwa zinang'aa dhahabu pande zote, umefunika tabaka lote kwa karatasi ya dhahabu. Dhahabu haishikani na dhahabu, wala udongo hauwezi kushikana na mwenzake kupitia hapo. Dawa ni kuipasua: ilaze juu ya udongo, kisha upitishe kwenye mashine au usukume kwa chupa mpaka ipasuke. Udongo unaochungulia kwenye nyufa ndio utakaoshika tabaka la juu. Halafu nyufa hizo zinapendeza kuliko dhahabu nzima.

Zikiwa na rangi na zinateleza, ni wino mbichi tena. Bunda hilo bado linaokoleka. Litenganishe tabaka kwa tabaka, lipumzishe mpaka likauke, pandanisha upya. Zikiwa kavu na zina unga mweupe, ni wanga wa mahindi uliotumia ili udongo usinate mezani. Wanga ni wa kupaka kwenye muhuri, yaani kitu unachobonyezea mashimo, na kwenye wembe, si katikati ya matabaka. Na kama hakuna chochote cha kuona, ulizia mafuta ya kupaka mikononi.

Bunda likishakamilika, likandamize kuanzia katikati kwenda pembeni, liache lipumzike, kisha ukate kwa kushusha wembe wima moja kwa moja. Ukikata kwa kwenda na kurudi utayaburuta.

Rangi imekuwa matope

Hii ndiyo inayoumiza zaidi, kwa sababu bunda lilikuwa zuri mezani na limetoka kahawia.

Udongo angavu mbichi una weupe wa maziwa. Unaficha. Ukiiva unazidi kupitisha mwanga, na kila rangi iliyo chini inaonekana kupitia iliyo juu. Nyekundu juu ya kijani inatoa kahawia. Zambarau juu ya njano, vivyo hivyo. Chungwa juu ya bluu, vivyo hivyo. Isitoshe, wino uliokuwa hafifu kabla ya kuoka unakolea baada yake. Mtu anayetia wino mpaka aridhike na rangi ya udongo mbichi atakuwa amezidisha. Acha mapema, wakati jicho bado linadai zaidi, na vipande vya majaribio vitakuonyesha kiasi.

Chukua mfano wa zabibu, kwa kuwa hapa kwetu kila mtu anataka hereni za rangi za zabibu za Makutupora: zambarau, damu ya mzee, kijani cha jani. Zambarau na damu ya mzee ni ndugu, zitakaa pamoja bila ugomvi. Kijani ndicho kinacholeta balaa. Kikilala juu ya damu ya mzee bila kizuizi unapata rangi ya maji ya dimbwi. Kiwekee ukuta: tabaka jembamba la udongo mweupe usiopitisha mwanga, au dhahabu iliyopasuliwa, kati ya kijani na wenzake. Nyeupe hiyo itafanya kazi mbili, kwani pia inarudisha mwanga juu na kuifanya kila rangi ionekane safi.

Angalia na msingi unaobandikia vipande. Kwenye msingi mweupe au wa rangi ya maziwa rangi zinaamka. Kwenye mweusi zinamezwa, isipokuwa pale penye dhahabu au fedha chini yake. Kuna wanaopenda hivyo, na ni haki yao, lakini iwe umeamua.

Na usipitilize kukata bunda katikati na kulipandanisha tena. Matabaka 8 mpaka 16 yanatosha. Zaidi ya hapo kila rangi inakuwa nyembamba mno, na mchoro unageuka doa moja.

Mchoro hauonekani, au unatoka wa kuburutika

Usipoonekana, mashimo hayakuwa na kina. Jani la mzabibu lina mishipa mizuri sana, linamshawishi kila anayeanza, lakini mishipa hiyo haifiki tabaka la pili. Jaribu mbegu za ubuyu. Zioshe mpaka unga wote utoke, zikaushe, zipake wanga kidogo, zisukume kwenye bunda mpaka nusu yake izame, kisha uzichomoe. Kila mbegu inaacha shimo la mviringo lenye kuta zilizosimama, na wembe ukipita juu unapata pete za rangi moja ndani ya nyingine, kila pete tofauti na jirani yake. Vifuniko vya kalamu, vifungo vikubwa vya koti na ncha butu ya penseli vinafaa pia. Changanya ukubwa, mashimo yakilingana yote mchoro unachosha.

Ukionekana lakini umeburutika, bunda lina joto au wembe ni mchafu. Lifunge kwenye mfuko wa plastiki, liweke kwenye friji kwa dakika 15 hadi 20, si kwenye sehemu ya barafu. Mfuko ni wa lazima, maana bunda la baridi likitolewa wazi linashika umande, na umande ni maji. Futa wembe kwa spiriti kila baada ya vipande kadhaa. Vipande viwe vyembamba kiasi cha kusoma maandishi makubwa kupitia kwake. Kinene kikibandikwa kinaacha ngazi, na ukikisukuma kisawazike kinatanua mchoro wote.

Udongo unavunjikavunjika, au unanata mikononi

Asubuhi za Juni na Julai udongo ni mgumu kwa baridi tu; uweke mfukoni ukiwa umefungwa plastiki, utalainika. Ukiukanda vizuri na bado unatoa chembe zisizoungana, tafuta ulikopita. Mzigo uliosafiri kwenye buti la basi mchana kutwa, au uliokaa dukani nyuma ya kioo, unaweza kuwa umeanza kuiva kabla hujaufungua. Unaoungana lakini kwa ugumu utasaidika kwa tone moja moja la mafuta ya watoto yale ya parafini. Ule wenye punje ngumu zisizoisha hauna dawa. Utumie kujazia ndani ya shanga kubwa.

Oktoba na Novemba tatizo linageuka: udongo unakuwa laini mno. Ulaze katikati ya karatasi nyeupe mbili kwa saa chache; utaona duara la mafuta kwenye karatasi, ndicho kilainishi kilichozidi.

Vumbi la Dodoma halihitaji maelezo. Fanya kazi juu ya kigae, kifute kwa spiriti kabla ya kuanza, vaa nguo isiyotoa nyuzi, na kanda udongo angavu kabla ya rangi yoyote. Kigae hicho, chupa ya kusukumia na wembe visirudi jikoni tena. Kibao cha chapati kilichosukumiwa udongo huu kimeshakuwa cha udongo.

Kahawia pembeni, au kinakatika kama biskuti

Sasa tumefika kwenye oveni yenyewe. Kahawia na umanjano husababishwa na joto kupita kiasi, na udongo angavu ndio wa kwanza kuonyesha. Oveni ndogo za mezani zina nyaya za moto karibu na chakula, na joto lake hupanda na kushuka mbali na namba ya kwenye kitufe. Nunua kipimajoto cha oveni, kiweke pale pale kazi inapokaa. Fuata pakiti ya udongo wako: kwa chapa mbili zinazojulikana, Fimo huokwa kwa 110°C, Premo kwa 130°C, dakika 30 kwa kila milimita 6 za unene. Tumia kigae cha sakafuni chini, kwa kuwa kinashika joto na kulituliza, na funika juu kwa karatasi ya aluminiamu iliyokunjwa mfano wa hema bila kugusa kazi.

Kukatika kunasababishwa na kinyume chake. Haujaiva. Kipande cha milimita mbili kilichoiva kinajipinda kidogo kabla ya kurudi. Usiongeze joto ili ufupishe muda; ongeza muda kwa joto lile lile. Umeme ukikatika katikati ya kuoka, acha mlango umefungwa, na ukirudi anza kuhesabu muda wote upya. Kuoka mara mbili hakudhuru.

Usitumie maikrowevu wala jiko la mkaa. PVC ikiungua, na hatari inaanza karibu na 175°C, hutoa gesi ya haidrojeni kloridi inayochoma macho na koo. Ukiona moshi, zima, fungua madirisha, toka nje.

Imetoka nzuri, ikaharibika baadaye

Uso ukianza kunata baada ya wiki au miezi, uliza umepaka nini. Rangi ya kucha isiyo na rangi na vanishi nyingi za kupuliza zina viyeyushi vinavyoishambulia plastiki hii. Piga msasa wa maji, namba 400, 600, 800 mpaka 1000, ndani ya beseni ili vumbi lake lisiruke, kisha ukisugua kwa kitambaa cha jinzi utapata mng'ao bila kupaka kitu. Ukitaka vanishi, iwe ya maji.

Rangi ikimwagika ulipopaka vanishi, ilikuwa ya spiriti na imeyeyusha wino ulioachwa wazi pale wembe ulipopita. Kitakasa mikono kinafanya hivyo hivyo, kwa hiyo mwambie mteja avae hereni baada ya kutakasa mikono na kukausha, si kabla.

Na rangi ikififia, chanzo ni jua. Wino mwingi wa spiriti umetengenezwa kwa rangi za kuyeyuka, na hizo hazivumilii mwanga mkali. Chukua kipande kimoja cha majaribio, kikate mara mbili, nusu iweke dirishani na nusu ndani ya droo, ulinganishe baada ya mwezi. Wino uliopoteza rangi usiutumie kwa kitu kitakachoning'inia dukani mbele ya kioo au kwenye gari. Kwa kazi ya namna hiyo tengeneza matabaka kwa udongo wenye rangi yake tangu kiwandani, na wino uuachie hereni zinazolala kwenye kisanduku.